Angaine, 'Mfalme wa Meru' aliyeshindwa na kipengele kimoja

Marehemu Jackson Angaine, aliyeitwa Mfalme wa Meru, alikuwa Waziri wa Ardhi tangu enzi ya katiba ya majimbo ya 1963, iliyoziweka Meru na Embu katika Jimbo la Mashariki.

Marekebisho ya 1964 yaliyapokonya majimbo mamlaka. Mwaka 1966 Seneti nayo ikavunjwa. Aliyetafuta shamba hakuwa na mlango mwingine wa kubisha ila Nairobi.

Mwaka 1976 Angaine aliunga mkono waliotaka kuibadili katiba tena, ili Makamu wa Rais, Daniel arap Moi, asikaimu urais kwa siku 90 iwapo Kenyatta angefariki. Mwanasheria Mkuu, Charles Njonjo, akaizima kampeni hiyo. Kenyatta alipofariki Agosti 1978, kipengele kilikuwa palepale. Moi akaapishwa, mwaka 1979 Angaine akapoteza kiti chake cha ubunge.