Gustave Eiffel: Mjenzi wa mnara aliyeupima upepo

WENGI humkumbuka Gustave Eiffel kwa mnara wa chuma unaobeba jina lake jijini Paris. Ni wachache wanaofahamu kwamba uzee wake aliutumia kuuchunguza upepo, na kwamba waundaji wa ndege walinufaika pakubwa.

Mhandisi huyo alizaliwa Desemba 15, 1832 mjini Dijon, Ufaransa. Alijipatia sifa kwa kujenga madaraja ya reli, kisha mnara wake wa takriban mita 300 ukafunguliwa mwaka 1889.

Hata hivyo, mpanda ngazi hushuka. Kampuni ya Mfereji wa Panama, iliyompa kandarasi ya kujenga malango ya maji, ilifilisika, na mwaka 1893 Eiffel akahukumiwa kifungo cha miaka miwili. Ingawa mahakama ya juu ilibatilisha hukumu hiyo mwaka uo huo, alijiondoa katika biashara akiwa na umri wa miaka 60.

Mnara nao ulikuwa hatarini. Kibali chake kilikuwa cha miaka 20 pekee, kisha ubomolewe. Ili kuunusuru, Eiffel aliazimia kuthibitisha manufaa yake kwa sayansi. Alihimiza majaribio ya redio na upimaji wa hali ya hewa. Kuanzia mwaka 1903, aliangusha vibao vya maumbo mbalimbali kutoka ghorofa ya pili, akipima jinsi hewa ilivyovizuia.

Mnamo 1909 alijenga handaki la upepo chini ya mnara huo. Humo, feni ya umeme ilivuta hewa ikapita kwenye mfano wa bawa uliofungwa mahali pamoja. Alionyesha kwamba bawa huinuliwa zaidi na kupungua kwa shinikizo la hewa juu yake kuliko na msukumo kutoka chini. Waundaji wa ndege wakapata vipimo badala ya kubahatisha.

Muda wa mnara uliongezwa kwa miaka 70 kuanzia 1910, nao mwaka 1912 Eiffel alihamishia utafiti wake mtaani Auteuil, katika handaki kubwa zaidi ambalo lingali limesimama.

Aliaga dunia Desemba 27, 1923, akiwa na umri wa miaka 91. Hadi leo, mifano ya ndege na vyombo vya angani hujaribiwa katika mahandaki ya upepo kabla ya uhai wa binadamu kuhatarishwa.