Diogo Cão, Mreno wa kwanza kufika mto Kongo

Diogo Cão alitumwa na mfalme Yoane wa Pili wa Ureno kutafuta njia ya bahari ya kwenda Uhindi. Mwaka 1482 akafika mahali mto Kongo unapoingia baharini, akasimika nguzo ya jiwe yenye msalaba. Wajumbe wake walikawia Mbanza Kongo. Naye akakamata wenyeji kadhaa, akaenda nao Ureno. Kweli, walitunzwa vema na kufundishwa dini, lakini hawakuulizwa. Safari ya pili akawarudisha kwao, na mwaka 1491 mfalme wao, Nzinga a Nkuwu, akabatizwa. Jina la Cão lingali mwambani Yellala, karibu na Matadi, maporomoko yalipomzuia. Uhindi hakufika, baada ya mwaka 1486 habari zake zapotea.