Käthe Kollwitz: Mama aliyemchongea mwanawe kwa miaka 18

PETER Kollwitz aliishi miaka 18. Mamake naye alichukua miaka 18 kukamilisha sanamu za kumkumbuka. Sanamu hizo mbili za mawe, moja ya baba na nyingine ya mama, wote wamepiga magoti, ziko katika makaburi ya wanajeshi wa Ujerumani huko Vladslo, Ubelgiji. Mwana mwenyewe hakuchongwa.

Mama huyo, Käthe Kollwitz, alizaliwa Julai 8, 1867 mjini Königsberg, ambao siku hizi ni Kaliningrad nchini Urusi. Babake aling'amua kipawa chake mapema na kumgharimia masomo ya uchoraji Berlin na Munich, katika shule za wanawake, maana vyuo vikuu vya sanaa vya enzi hiyo vilikuwa vya wanaume. Mnamo 1891 aliolewa na Karl Kollwitz, daktari aliyewatibu maskini katika mtaa wa wafanyakazi mjini Berlin. Mwana wao wa kwanza, Hans, alizaliwa mwaka wa 1892 na Peter akamfuata mwaka wa 1896.

Wagonjwa wa mumewe walimfunza Käthe mengi kuliko walimu wake. Picha zake kuhusu uasi wa wafumaji zilimpatia sifa mwaka wa 1898, na waamuzi wakapendekeza atunukiwe nishani ya dhahabu. Mfalme Wilhelm wa Pili alikataa.

Kuna picha ya 1903 inayomtia msomaji wa maisha yake baridi. Inaonyesha mama aliyeukumbatia mwili wa mtoto wake aliyefariki. Ili kuichora, Käthe alijitazama kwenye kioo huku amempakata Peter, wakati huo mvulana wa miaka saba. Miaka 11 baadaye mchezo ule ukawa kweli.

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipozuka Agosti 1914, Peter alitaka kujitolea kupigana. Kwa kuwa hakuwa ametimiza umri wa mtu mzima, sheria ilidai idhini ya baba. Karl alikataa. Kijana akamgeukia mamake, naye mama akamsihi mumewe hadi akakubali. Oktoba mwaka huo huo, Peter aliuawa karibu na Diksmuide, Ubelgiji, siku chache tu baada ya kufika vitani.

Bila kuzingatia idhini hiyo, mtu hawezi kuelewa kwa nini kazi ilichukua muda mrefu hivyo. Mamake alianza kuibuni Desemba 1914. Wazo la kwanza lilikuwa kumchonga Peter amelala, wazazi wakiwa kando yake, kama heshima kwa vijana waliojitoa mhanga. Alifinyanga udongo na plasta kwa mikono yake, akabomoa, akaanza upya. Lakini kadiri maiti zilivyoongezeka ndivyo alivyozidi kutilia shaka sifa hizo. Oktoba 1918, mshairi Richard Dehmel alipowahimiza wanaume wote wenye nguvu wajitokeze kupigana, Käthe alimjibu hadharani gazetini akipinga vijana zaidi kupelekwa kufa. Mwaka uliofuata aliiacha sanamu ile ya kwanza.

Mwaka huo wa 1919 alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuwa mwanachama wa Chuo cha Sanaa cha Prussia. Alichonga pia mbao saba za kuchapia picha kuhusu vita, na ndani yake hamna bunduki inayofyatuliwa wala adui anayeshindwa. Kuna wazazi, wajane na akina mama waliowazingira watoto wao.

Mnamo 1926 yeye na Karl walilizuru kaburi la mwana wao, na kazi ikashika njia mpya. Peter aliondolewa, wakabaki wazazi tu. Baba amejikumbatia kwa nguvu, uso umekaza. Mama ameinama, mkono shavuni. Nyuso hizo zinafanana na za Karl na Käthe wenyewe. Mafundi wawili walizichonga kwenye jiwe gumu la itale kwa kufuata vielelezo vyake vya plasta, na mwaka wa 1932 zikawekwa katika makaburi ya Roggevelde alikozikwa kijana huyo.

Msomaji wa Nairobi anajua kumbukumbu ya aina nyingine ya vita hivyo hivyo, vilivyofika hadi Taveta. Zile sanamu za shaba za askari na wapagazi, zilizozinduliwa mwaka wa 1928 katika barabara ambayo siku hizi ni Kenyatta Avenue, zimesimama wima. Ziliwekwa na dola iliyowatuma watu hao vitani. Za Roggevelde ziliwekwa na mama aliyetoa ruhusa, nazo zimepiga magoti, jambo ambalo mwandishi huyu analiona kuwa ombi la msamaha kuliko sifa.

Wanazi walipotwaa mamlaka mwaka wa 1933, walimlazimisha ajiuzulu kutoka chuo kile, na baadaye kazi zake zikaondolewa kwenye maonyesho. Karl alifariki mwaka wa 1940. Mwaka wa 1942 mjukuu wake, mwana wa Hans aliyepewa jina la Peter kwa heshima ya amu yake, aliuawa vitani nchini Urusi. Nyumba yao ya Berlin ililipuliwa kwa mabomu mwaka wa 1943, na picha nyingi zikateketea. Käthe mwenyewe alifariki Aprili 22, 1945 huko Moritzburg, karibu na Dresden, wiki mbili hivi kabla ya vita kumalizika Ulaya.

Katika miaka ya 1950 mabaki ya wanajeshi wa Roggevelde yalihamishiwa Vladslo, na sanamu zikayafuata. Zaidi ya Wajerumani 25,000 wamelazwa hapo. Jina la Peter limeandikwa kwenye bamba la jiwe lililolala chini, mbele ya baba na mama.