Ezra Pound: Mshairi Aliyepotea Akiitafuta Haki ya Fedha



Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, anafundisha kwamba fedha hutumika kwa kutolewa. Kwa hiyo anayekopesha kisha akadai malipo ya ziada kwa matumizi yake anafanana na mtu anayeuza divai, halafu akamdai mnunuzi malipo mengine kwa kuinywa. Yeyote aliyewahi kuguswa na mikopo ya kausha damu anaielewa hoja hii hata bila kufungua kitabu. Tunaanza na riba kwa sababu ndiyo iliyomwingiza katika siasa mtu tunayetaka kumsimulia: Ezra Pound, mshairi wa Marekani, aliyeanza kwa kuichukia riba akaishia kwenye maikrofoni ya serikali ya Mussolini, akiwatukana Wayahudi.

Pound alizaliwa tarehe 30 Oktoba 1885 huko Hailey, Idaho, akakulia karibu na Philadelphia, ambako baba yake alifanya kazi katika kiwanda cha serikali cha kutengeneza sarafu. Mwaka 1908 alihamia London. Alikuwa na kipaji kikubwa, na jambo ambalo watu husahau ni kwamba alikuwa mkarimu pia. Alimsaidia James Joyce kupata wachapishaji. T. S. Eliot alipomletea muswada wa The Waste Land, Pound aliukatakata hadi ukabaki shairi lililochapishwa mwaka 1922, na Eliot akalitabaruku kwa jina lake. Ushairi wa usasa katika lugha ya Kiingereza usingekuwa ulivyo bila mkono wake.

Vita Kuu ya Kwanza ilimjeruhi moyoni. Rafiki yake, mchongaji Henri Gaudier-Brzeska, aliuawa mwaka 1915 akiwa kijana wa miaka 23. Pound alitaka kujua ni nani anayenufaika na mauaji yale. Hapo akakutana na mafundisho ya Meja C. H. Douglas, mhandisi aliyedai kwamba mabenki kuhodhi mikopo ndiko kunakoleta umaskini na vita. Swali la Pound lilikuwa halali, tena ni la Kikatoliki kabisa: aliwasifu wanateolojia wa Zama za Kati kwa kuikemea riba, na katika mashairi yake marefu yaitwayo The Cantos aliionyesha kama uchafu unaoharibu mkate, ndoa na hata michoro ya makanisani.

Tangu 1924 aliishi Rapallo, mji wa pwani ya Italia. Tarehe 30 Januari 1933 alipata nafasi ya kuonana na Mussolini. Mtawala yule, baada ya kufunuafunua kitabu cha mashairi alichopelekewa, alisema tu kwamba kinafurahisha. Neno la adabu kwa mgeni. Pound aliondoka akiamini amekutana na akili kubwa iliyomwelewa papo hapo, na mwaka 1935 akatoa kitabu kumlinganisha Mussolini na Thomas Jefferson. Tunadhani wenye elimu wako hatarini zaidi kwa sifa ndogo za aina hii, maana mtu mwenye nadharia hutafuta mwenye nguvu atakayeitekeleza.

Januari 1941 alianza kurekodi hotuba katika redio ya Roma, kwa malipo, zikirushwa kwa Kiingereza kwenda Uingereza na Marekani. Marekani ilipoingia vitani Desemba mwaka huo alinyamaza kwa muda mfupi, kisha akarudi hewani Januari 1942, sasa akisema dhidi ya nchi yake mwenyewe iliyokuwa vitani. Hotuba zilipita mia moja. Zilirukaruka kutoka Confucius hadi Roosevelt, kiasi kwamba baadhi ya maofisa wa Italia walishuku kuwa ni jasusi anayetuma ujumbe wa siri. Chuki yake lakini haikuwa na fumbo lolote. Alimsifu Hitler, na akawashauri wasikilizaji wasome kile kijitabu cha kughushi kinachodai kuwa Wayahudi wana njama ya kuitawala dunia.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa mantiki angeliona pengo. Kutoka kusema kwamba riba ni dhambi, hadi kusema kwamba taifa zima ndilo dhambi yenyewe, hakuna daraja. Ni lazima tukiri pia kwamba lawama hiyo hakuibuni yeye. Katika nchi nyingi za Ulaya ya Kikristo Wayahudi walizuiwa kumiliki ardhi na kuingia katika vyama vya mafundi, wakaachiwa ukopeshaji, kisha wakachukiwa kwa kukopesha. Tamko la Nostra Aetate, linalolaani chuki dhidi ya Wayahudi, lilitolewa mwaka 1965 tu.

Kuna wakati Pound alisema hewani kwamba lawama ni za wakubwa wachache, si za Wayahudi wadogo. Tarehe 16 Oktoba 1943, miezi michache tu baada ya hotuba zake kukoma, Wajerumani waliwakamata Wayahudi wa mji uleule wa Roma. Zaidi ya 1,000 walipelekwa Auschwitz, wakiwemo watoto wengi. Walirudi 16. Hakuna aliyeulizwa kama anamiliki benki.

Tayari mahakama ya Marekani ilikuwa imemshtaki Pound kwa uhaini, Julai 1943. Mei 1945 alitiwa mikononi mwa jeshi la Marekani, akafungiwa katika kizimba cha chuma kambini karibu na Pisa, juani na vumbini, taa zikimulika usiku kucha. Alikuwa na miaka 59. Baada ya wiki tatu hivi alivunjika, akahamishiwa hemani. Mfungwa mmoja, mwanajeshi mweusi, alimtengenezea meza kwa sanduku la mbao, na mambo ya kambi ile akayaandikia mashairi ambayo wengi huyaona kuwa bora kuliko yote aliyoandika.

Mwaka 1946 ilitamkwa kwamba akili yake haimruhusu kusimama kizimbani, akawekwa katika hospitali ya magonjwa ya akili ya St. Elizabeths, Washington, kwa zaidi ya miaka 12. Mwaka 1949 mashairi ya Pisa yalipewa Tuzo ya Bollingen chini ya Maktaba ya Bunge la Marekani, na ugomvi ukawa mkubwa. Karl Shapiro, mshairi Myahudi aliyekuwa miongoni mwa waamuzi, alikataa kumpigia kura. Sisi tunamwelewa. Mashtaka yalifutwa mwaka 1958. Pound alipofika Naples aliwapigia waandishi wa habari saluti ya kifashisti.

Kisha, katika miaka ya sitini, akawa karibu bubu. Mwaka 1967, Venice, alimwambia mshairi Allen Ginsberg, Myahudi, kwamba kosa lake baya kuliko yote lilikuwa ule ubaguzi wa kijinga dhidi ya Wayahudi. Julai 1972 akaandika dibaji fupi ya mkusanyo wa makala zake, akikiri kwamba kuhusu riba alikosea shabaha: alichukua dalili akadhani ndiyo chanzo, kumbe chanzo ni uchoyo.

Alifariki Venice tarehe 1 Novemba mwaka huohuo, Sikukuu ya Watakatifu Wote. Ibada ilifanyika katika basilika ya Wabenediktini ya San Giorgio Maggiore, jeneza likapakiwa kwenye gondola, likavushwa hadi kisiwa cha makaburi cha San Michele, sehemu ya Waprotestanti.