John Parsons: Mkemia aliyeifanya fueli yabisi ya roketi ihifadhike

Na Mwandishi Wetu

Katika safari zote 135 za vyombo vya anga vya Space Shuttle vya Marekani, kati ya mwaka 1981 na 2011, roketi mbili za fueli yabisi zilizofungwa ubavuni ndizo zilizotoa sehemu kubwa ya msukumo wa kuondoka ardhini. Msingi wa fueli hiyo uliwekwa na John Whiteside Parsons, mkemia ambaye hakuwahi kuhitimu chuo kikuu.

Parsons alizaliwa Los Angeles, California, tarehe 2 Oktoba, 1914. Tangu ujana wake alitengeneza roketi ndogo za baruti pamoja na rafiki yake, Edward Forman. Ukosefu wa fedha ulimzuia kuendelea na masomo, akaajiriwa katika kampuni ya baruti, ambako alizijua kwa karibu tabia za kemikali zinazolipuka. Mwaka 1936, wawili hao walishirikiana na Frank Malina, mwanafunzi wa Taasisi ya Teknolojia ya California, chini ya uangalizi wa Profesa Theodore von Kármán.

Mwezi Agosti, 1941, ndege ndogo iliruka kwa msaada wa roketi zao. Hata hivyo, fueli waliyoishindilia ndani ya roketi hizo ilipata nyufa ilipokaa ghalani. Ufa katika fueli yabisi ni hatari kubwa, kwani moto hupenya ndani yake, eneo linaloungua huongezeka ghafla, shinikizo hupanda na roketi hulipuka. Jeshi lisingeweza kutegemea silaha isiyohifadhika.

Mwaka 1942, Parsons aliachana na fueli ya kushindilia. Aliyeyusha lami, akaichanganya na pakloreti ya potasiamu, chumvi inayotoa oksijeni, kisha mchanganyiko huo ukamiminwa ndani ya roketi na kuachwa ugande. Lami ikawa fueli na gundi kwa wakati mmoja, tena ilinyumbulika badala ya kupasuka. Mwaka huohuo, yeye na wenzake walianzisha kampuni ya Aerojet ili kutengeneza roketi kwa ajili ya jeshi.

Lami nayo ilikuwa na upungufu wake, kwani ililainika kwenye joto kali na kukakamaa kwenye baridi. Wataalamu waliofuata waliweka mpira wa viwandani mahali pa lami, wakabadilisha chumvi na kuongeza unga wa alumini. Njia ya kuchanganya, kumimina na kugandisha ilibaki ileile, na kila roketi ya ubavuni ya Space Shuttle ilibeba takriban tani 500 za fueli ya aina hiyo.

Parsons hakuishi kuyaona hayo. Tarehe 17 Juni, 1952, akiwa na umri wa miaka 37, alifariki dunia kwa mlipuko wa kemikali katika maabara ya nyumbani kwake, Pasadena. Aliyewawezesha wengine kuihifadhi fueli kwa usalama aliuawa na kemikali alizokuwa akizishughulikia mwenyewe. Shimo moja kubwa katika upande wa Mwezi usioonekana kutoka duniani limepewa jina lake.