Lotte Reiniger: Mkasi wake uliwatia uhai wachawi na majini

LOTTE Reiniger alizaliwa jijini Berlin, Ujerumani, Juni 2, 1899. Tangu utotoni alikuwa hodari wa kukata karatasi kwa mkasi, akiunda watu na wanyama na kuwachezesha kama vivuli ukutani.

Ni sanaa hiyo iliyomjengea jina. Mnamo 1923, yeye, mumewe Carl Koch na wasaidizi wachache walianza kutengeneza filamu kuhusu Mwanamfalme Achmed, iliyotokana na hekaya za Alfu Lela Ulela. Majini, mazimwi na ajuza mchawi walikuwa vipande vya kadi nyeusi, viungo vikiunganishwa kwa waya. Reiniger aliwalaza juu ya kioo kilichomulikwa kutoka chini, akawasogeza kidogo kidogo, na kila msogeo ukapigwa picha. Kazi hiyo ilichukua miaka mitatu.

Ajuza huyo ana sura ya kuogofya, lakini ndiye anayepambana na mlozi mwovu, wote wakijigeuza wanyama, hadi anamwangamiza.

Filamu ilionyeshwa 1926, miaka 11 kabla ya Snow White ya Walt Disney, ingawa sifa za uanzilishi zilimwendea Disney. Reiniger na mumewe waliupinga utawala wa Hitler, wakaishi kwa kuhamahama. Filamu asilia ilipotea. Nakala iliyohifadhiwa Uingereza ndiyo iliyoiokoa. Hadi leo ndiyo filamu ndefu kongwe zaidi ya vikaragosi iliyosalia.

Alihamia London 1949, na akafariki Ujerumani Juni 19, 1981, akiwa na umri wa miaka 82.