Padri Horner na watoto wa Bagamoyo

Akitajiwa shule ya parokia, msomaji huenda akadhani kwamba kwanza palikuwa na waumini, kisha waumini hao wakataka watoto wao wasome. Shule ya misheni ya Bagamoyo haikuanza hivyo. Padri Antoine Horner alipoifungua mwaka 1868, mji ulikuwa wa Waislamu, wenye misikiti yao na vyuo vyao vya Kurani. Wanafunzi wake aliwatoa kwingine, katika soko la watumwa.

Horner alizaliwa Alsace, Ufaransa, mwaka 1827. Aliingia Shirika la Roho Mtakatifu, akatumika katika kisiwa cha Réunion, na mwaka 1863 akaletwa Unguja kuishika misheni iliyoanzishwa na Padri Fava mwaka 1860. Watoto waliokombolewa kwa fedha walifundishwa pale kusoma, dini ya Kikristo, useremala na uhunzi. Wenyeji wa mji hakuwatumainia sana. Aliona mapema kwamba mtu mwenye ukoo, mwalimu na kitabu chake hawezi kuvutwa kwa urahisi. Yule aliyenyang'anywa vyote hivyo ndiye aliyebaki mikononi mwake.

Lakini Unguja palikuwa padogo kwa nia yake ya kuwa na shamba kubwa litakalowalisha watoto. Seyyid Majid bin Said akamruhusu kukaa Bagamoyo. Majumbe wa mji hawakufurahi, maana ardhi hiyo waliiona kuwa yao, na ruhusa imetoka ng'ambo. Haikosi wengine walishangaa kuona Sultani Mwislamu akimpa padri kiwanja. Hata hivyo mambo yalitulia, na misheni ikajengwa kaskazini ya mji.

Maisha ya mtoto pale yalikuwa sala, darasa na jembe. Minazi ilipandwa kwa wingi. Stanley, alipopita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, aliwakuta watoto na vijana zaidi ya mia mbili, na akapigiwa muziki na bendi ya matarumbeta ya vijana hao. Hiyo ilikuwa miaka migumu. Kipindupindu kilikuwa kimepita pwani yote, na vita vya Ufaransa na Ujerumani vilitikisa michango ya huko. Alsace yenyewe, kwao Horner, ikachukuliwa na Wajerumani. Halafu, tarehe 15 Aprili 1872, kimbunga kikapiga Unguja na Bagamoyo, kikabomoa majengo ya misheni. Ilibidi kuanza upya.

Mwaka uliofuata Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Watoto hawakupungua, kwani manowari za Kiingereza zilizokamata majahazi ziliwagawa waliookolewa kwa misheni mbalimbali, na wengine wakaletwa kwa Horner.

Hapa tuseme kweli. Mtoto alifunguliwa mnyororo, akalishwa na kutibiwa, na hilo si jambo dogo. Lakini hakuulizwa kama anataka jina jipya wala dini mpya. Akikua alitafutiwa mke, akapewa nyumba na kipande cha shamba katika kijiji cha misheni, naye akawa na siku zake za kulima shamba la mapadri. Wapo waliotoroka. Aliyetoroka alikuwa na sababu yake, na aliyebaki naye alikuwa na yake, maana nje ya ua wa misheni mfanyabiashara wa watumwa alikuwa bado anazunguka.

Horner aliondoka mgonjwa mwaka 1879, akafa Cannes, kusini mwa Ufaransa, mwezi Mei 1880. Kazi ikashikwa na Padri Etienne Baur. Abushiri bin Salim alipoinuka dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, na Bagamoyo ikawa uwanja wa vita, maelfu ya watu walikimbilia misheni. Abushiri, aliyesikilizana na mapadri wale, hakuigusa.

Wakati huo wanafunzi wa kwanza walikwisha kuwa watu wazima wenye watoto. Mapadri walipofungua vituo vya bara, Mhonda mwaka 1877, kisha Mandera na Morogoro, walikwenda na jamaa za Bagamoyo, mume na mke, wakajenga nao na kulima nao. Katika miaka ya 1890 shirika hilohilo likafika Bura, ile ya Taita, si ya mto Tana.